Gari la Wazi

Mwaka 2023 niliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo mjini Dodoma kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu shemeji yangu. Miongoni mwa vitu nilivyoviorodhesha katika Fomu namba 5, baina ya mashine ya kukamulia alizeti na ng'ombe kumi na mmoja, palikuwa na gari moja aina ya Mercedes-Benz 350 SL, rangi nyeupe, lililoundwa Ujerumani mwaka 1972. Karani aliyepokea fomu aliniuliza hali ya gari hilo. Nikamjibu kama wajibuvyo watu wa huko: liko juu ya mawe. Akaandika "bovu", akaendelea na ng'ombe.

Nilitamani kumzuia kalamu. Gari lile ndilo lililonifundisha kazi ya tafsiri, na sikupenda lihukumiwe kwa neno moja. Lakini msimamizi wa mirathi hatakiwi kuwa na mapenzi na mali ya marehemu. Anatakiwa kuihesabu, kulipa madeni, kuigawa, kisha kurudisha hesabu mahakamani kwa Fomu namba 6. Mashine na ng'ombe viliishia kwenye madeni. Nyumba marehemu alikwisha kumwandikia dada yangu wakati wa uhai wake. Likabaki gari, na gari haligawiki. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachosalia ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Watoto ni watatu, wana wawili na binti mmoja. Ukiitafuta namba itakayogawanyika bila ya kuvunjika utaikuta 40: dada yangu 5, kila mwana 14, binti 7. Hesabu inakaa sawa kama mizani za ubeti uliotungwa vyema, ila huwezi kumkabidhi mtu sehemu saba katika arubaini za usukani. Ilibidi liuzwe.

Kwa msomaji asiyeyajua magari haya, nieleze kidogo. Umbo hili Mercedes-Benz walianza kuliunda mwaka 1971 wakaliendeleza hadi 1989, muda mrefu kupita kawaida ya magari ya anasa. Lina viti viwili, na injini ya silinda nane ya lita tatu na nusu. Lina mapaa mawili: moja la chuma, la kufungwa wakati wa baridi, ambalo huhitaji watu wawili kulinyanyua, na jingine la turubai, ambalo hukunjwa likalala nyuma ya viti chini ya kifuniko chake. Huko Ulaya hulifunua wakati wa kiangazi ili kulilaki jua. Kwetu jua halingoji kulakiwa, na labda ndiyo maana magari ya namna hii hayakuwa mengi hapa. Gari la wazi tulilolizoea sisi ni lile analosimama Rais siku ya gwaride, na lile ni la kazi.

Lilifikaje Dodoma? Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wote waliiita CDA. Ramani kuu ya mji mpya ilitayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na ikatoka mwaka 1976. Wataalamu wakaja kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na mizigo yake, na mmoja wao alikuja na gari hili. Alikaa nalo kwanza Dar es Salaam, karibu na bahari, kisha akapanda nalo bara. Yeye aliruhusiwa kuliingiza. Mwananchi, kwa uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ile, hata mnyororo wa baiskeli aliupata kwa kujuana. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1980 akamuuzia shemeji yangu, Mrangi wa Kondoa mwenye malori mawili yaliyobeba saruji na nondo za mji huo mpya.

Dada yangu hudai kwamba mumewe alilinunua kwa ajili yake. Mimi nadhani alilinunua kwa kuwa alikula vumbi kwenye lori miaka kumi na mitano, akataka kulila mara moja akiwa amekaa vizuri. Vyovyote iwavyo, halikuwa gari la kuendeshea moyo mweupe. Neno "wabenzi" lilikwisha kuzaliwa, na halikuwa neno la sifa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi. Shemeji hakuwa kiongozi wa chochote, lakini macho ya watu hayasomi vifungu. Tena, ili kuokoa mafuta, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kwa hiyo starehe yake yote ilikuwa Jumapili baina ya saa mbili asubuhi na saa nane: kutoka Dodoma mjini mpaka Kikombo au Msalato na kurudi, turubai limekunjwa, dada yangu amejifunga kanga kichwani ili upepo usimvue, na watoto wa Kigogo wakilikimbilia wakidhani limeng'oka paa kwa ajali.

Nilifika kwao mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi na mitano, mtihani umenitupa nje ya shule huku Unguja. Dada akanichukua. Shemeji akanipa kazi ya utingo katika lori, na jioni moja, baada ya kuniona nasoma gazeti la Kiingereza lililofungiwa dagaa, akanipa kazi ya pili. Akatoa katika kisanduku cha gari kitabu cha maelezo, akasema: "Wewe mtu wa Unguja mna maneno. Kitafsiri hiki, fundi wangu asome."

Nilikuwa na kamusi moja isiyo na jalada. Nikanunua daftari la mistari, nikawa nafanya kazi usiku kwa kandili, kwani umeme ulikatika mara kwa mara. Msomaji ambaye amewahi kuhamisha ubeti kutoka lugha moja kwenda nyingine ataniamini nikisema kwamba sijakutana tena na matini ngumu kama ile. Shairi hukusamehe; ukilikosa neno utapata jirani yake. Lakini komeo la paa likiitwa kitasa, mtu atavunja kidole. Nilijifunza kwamba kitenzi lazima kije mapema katika agizo, kwamba "kisha" na "kabla" ni maneno ya maisha na mauti, na kwamba Kiswahili kilikuwa na karibu kila kitu nilichokihitaji kama ningetoka nje kuwauliza wenyewe: seremala, fundi cherehani, baharia aliyejua kukunja tanga. Paa la turubai nililielezea kwa maneno ya tanga. Mpaka leo nadhani nilifanya sawa.

Penye jina la gari lenyewe niliaibika. Katika hati ya mauziano yule mtaalamu alikuwa ameandika neno la Kiingereza la magari ya kufunuka, na kamusi yangu, kwa neno lile la asili, ilinipa maana ya mtu kubadili dini. Nikaandika kwa imani: gari lililosilimu. Shemeji alicheka hata akalazimika kukaa chini. Tangu siku hiyo lilikuwa na jina, na kila alipolifunua paa alisema kwa sauti ya imamu kwamba gari limeshatoa shahada.

Katika miezi hiyohiyo, katika kibanda cha lori, nilisoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya ule mchezo wa Shakespeare aliyoitoa mwaka 1969, *Mabepari wa Venisi*. Wafanyabiashara wa Shakespeare kwa Mwalimu wamekuwa mabepari, na ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Nilimweleza shemeji jambo hili nikidhani ni la kifasihi. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na mimi, angenitafsiri nani?"

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na Bunge likapitisha sheria maalumu. Wenye makosa walitetemeka, na wasio na makosa wakatetemeka pia kwa kutojua kama wanayo. Watu walitupa sabuni na vitenge porini usiku. Shemeji alikuwa na risiti ya gari, lakini risiti ingelionyesha gari la anasa la mtu mwenye malori mawili, na swali la pili lingekuwa fedha zilitoka wapi. Usiku mmoja wakaondoka, yeye na dada yangu ndani ya gari, taa zimezimwa mpaka walipotoka mjini, mimi nikifuata nyuma juu ya lori. Waliondoka kwenda Kondoa, kilomita zinazokaribia 160, katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na mawe mwanzo hadi mwisho. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilikuja kuzinduliwa mwaka 2018. Gari lile liko chini, tumbo lake karibu ligusane na ardhi. Nilisikia mara moja, mbele yetu gizani, mlio kama wa nyundo juu ya fuawe. Kisha nikasikia injini inaendelea.

Huko kijijini walilitia ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa tambarare, wakabomoa ukuta kulipitisha na kuujenga tena. Juu yake wakalifunika kwa mabua ya mtama mpaka halikuonekana. Gari lisilo na paa likapata paa la udongo, likalala miaka mitatu.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari, karibu na Dakawa, akitoka Dodoma. Nilimkuta shemeji amekaa juu ya tairi la lori analia kama mtoto. Alikuwa akimheshimu sana mtu yule aliyemtia hofu.

Mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Rais na maduka yakiwa yameanza kujaa, ukuta wa tembe ukabomolewa mara ya pili. Lilirudi Dodoma, likatembea miaka minane, halafu pampu ya mafuta ikafa. Spea haikupatikana, na shemeji alikwisha kuota mvi. Likapandishwa juu ya mawe katika banda la uani. Humo lilikaa miaka thelathini, na hapa msomaji wa pwani lazima nimweleze jambo la hali ya hewa. Sisi tuliolelewa na chumvi tunajua gari huoza kama samaki, kuanzia chini. Dodoma iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni karibu milimita 570 kwa mwaka, zote baina ya Desemba na Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu hata midomo inapasuka. Chuma hapo hudumu. Lakini ukavu huo unaokihifadhi chuma huua kila kilichokuwa na uhai. Ngozi ya viti ilikuwa imepasuka kama ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi, mipira ya milango imekuwa unga, turubai likichanika kwa kuguswa tu. Kwa macho, bodi ilikuwa nzima. Mtu akilifuta vumbi aliona gari jeupe, zuri, lenye nyota yake puani.

Hivyo ndivyo alivyoliona kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye kazi ya kukodisha magari ya harusi. Alikuja kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, akalizunguka gari mara tatu, akapiga picha. Akaeleza kwamba maharusi wa siku hizi wanataka gari la wazi ili wapigwe picha wakipunga mikono, na kwamba yaliyopo mjini ni ya kisasa, hayana haiba. Viti atashona upya, turubai pia. Akataja shilingi milioni 28. Sikujibu haraka, ingawa moyoni nilikwisha kugawanya: dada 3,500,000, kila mwana 9,800,000, binti 4,900,000.

Namba ya dada yangu ndiyo niliyoitazama zaidi. CDA ilipovunjwa mwaka 2017 habari za viwanja zilihamia halmashauri, na kiwanja alichojengewa na mumewe kilikuwa hakijakamilishiwa umilikishwaji. Gharama zote pamoja, alizoandikiwa, zilikuwa milioni tatu na laki mbili. Ana miaka sitini na saba. Milioni tatu na nusu ingemtosha, na laki tatu ya kununulia mchele ingebaki.

Nilimwomba mnunuzi wiki mbili, ili fundi alitengeneze walau liwake, maana gari linalowaka halitii mashaka. Nikampata fundi wa upande wa Kizota, mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono iliyojua. Akapata pampu ya gari jingine, akaifanyia ujanja. Siku ya nne injini ikawaka. Sauti ile! Majirani walitoka. Dada yangu alikuja mpaka mlango wa uani, akasimama, hakuvuka.

Siku ya tano fundi aliniita chini ya gari. Nikalala chali juu ya gunia, naye akaniangazia tochi. Palikuwa na mambo mawili. La kwanza ni sakafu upande wa abiria: alipolinyanyua zulia, chuma kilibomoka mkononi kama kaki. Chanzo chake kilikuwa mbele ya kioo, ambako magari haya yana vitundu vya kupitishia maji ya mvua. Vitundu viliziba, maji yakakosa njia, yakaingia ndani. Akavichokonoa kwa waya. Yalitoka makapi ya mtama, meusi, yameshikana kama sabuni. Mtama wa mwaka 1983.

La pili lilikuwa baya zaidi. Katika chuma kizito cha mbele, kile kinachobeba injini na kushika boksi ya usukani, palikuwa na ufa urefu wa kidole. Mafundi wanaoyajua magari haya wanasema hapo ndipo udhaifu wake ulipo hata bila ya jiwe la Kondoa. Lakini huu ulikuwa umewahi kuonekana: mtu aliuchomelea kwa harara, akaujaza puti, akapaka rangi nyeusi juu yake. Puti ilikuwa imeanza kubanduka.

"Mzee," fundi akaniambia kwa upole, "nikiondoa hii nikaweka puti mpya, nikapiga rangi, hata malaika wa zamu hatajua. Na ukiniambia nifanye kazi ya haki, chuma hiki kitoke chote. Kupata kingine ni Ujerumani."

Usiku ule nilitafuta daftari langu. Dada alikuwa ameliweka katika sanduku la hati. Kitabu chenyewe mchwa walikwisha kukimaliza. Limebaki daftari, kurasa thelathini na moja za mwandiko wa mtoto aliyetaka kuonekana mtu mzima. Nilisoma namna ya kukunja paa, namna ya kubadili tairi, namna ya kuwasha injini asubuhi ya baridi. Halafu nikafika mahali ambapo pameandikwa, kwa mkono wangu: *Kurasa nne hapa zinahusu kuosha na kutunza. Si muhimu.*

Si muhimu. Nilikuwa na usingizi, nakumbuka, na nilikuwa na haraka ya kufika sehemu ya injini. Nimetafsiri vitabu tangu wakati ule, nimewakosoa wenzangu katika kurasa kama hizi kwa kuruka mistari, na wako wanaonikumbuka kwa ukali huo. Nikakaa na lile daftari mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikawaita warithi, mmoja kwa mmoja, kwa simu. Fiqhi yetu katika jambo hili haina giza: mwenye kuuza kitu chenye aibu aijuayo, asiieleze, amekula haramu, na mnunuzi ana haki ya kukirejesha. Hilo nililijua. Lakini nililijua pia la upande wa pili, kwamba mimi si mwenye mali. Mtu anaweza kuwa mkarimu kwa fedha yake. Kwa fedha ya warithi ukarimu ni wizi wa namna nyingine. Mwana mkubwa, aliye Mwanza, aliniambia jambo ambalo nililiona na ladha ya hoja: "Mjomba, mahakama imekuteua uisimamie mali yetu. Haikukuteua usimamie mali ya mnunuzi. Aje na fundi wake akague." Nikamuuliza je, fundi wake asipouona ufa? Akasema: "Basi huo ni ufa wa fundi wake." Binti alisema niamue mimi. Wa pili, aliye Muscat, hakupokea simu. Baadaye aliandika ujumbe mfupi kwamba yeye anataka tu mambo yaishe.

Dada yangu nilimwendea jikoni. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka, kama mtunzi anayetafuta kina. Akaendelea kuchambua mchicha. Nilipolitaja jiwe, akainua uso.

"Nilikuwa nimekaa upande ule ule," akasema. "Usukani ulimtoka mkononi. Tulikaribia kuingia korongoni. Akaniambia nisimwambie mtu, wala wewe, maana ungetia katika mashairi."

"Kwa hiyo alijua."

"Alilichomelea mwenyewe. Na toka siku ile hakunipandisha tena ndani yake. Hukuona? Miaka minane analiendesha peke yake, mimi nasema kaoa kwingine." Akacheka kidogo, akatikisa mchicha. "Sasa huyo kijana anataka kupandisha bibi harusi."

Nikamwambia tukilieleza hilo fedha yake haitafika ya kiwanja. Akasema anajua hesabu. Thumuni ni thumuni.

Yule kijana alipokuja nilimlaza juu ya gunia lilelile, nikamwangazia tochi mwenyewe. Nilimwonyesha sakafu, nikamwonyesha ufa, nikamweleza na habari ya korongo. Alikaa chini kule kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka alijifuta mikono, akanishukuru kwa adabu kubwa, "Nashukuru sana, mzee wangu", akapanda bajaji kwenda stesheni. Fundi akaninunulia soda. Sijui alikuwa ananipongeza au ananihurumia.

Zilipita wiki saba. Mwana mkubwa hakunipigia, nami sikumlaumu. Walikuja madalali wawili. Mmoja alitaka kulikata kwa kilo. Wiki ya nane kijana yule akapiga simu. Alikuwa ametafuta bei ya kile chuma cha mbele na usafirishaji wake, akajumlisha sakafu, viti na turubai, akatoa katika milioni 28, akafika milioni 16. Akasema hawezi kuongeza hata laki moja, na kwamba maharusi hawatapanda mpaka chuma kibadilishwe. Niliwauliza warithi tena. Wa Muscat alijibu "sawa". Wa Mwanza alijibu kwa herufi mbili tu, lakini alijibu.

Dada yangu alipata milioni mbili, kila mwana 5,600,000, binti 2,800,000. Kwa kiwanja zikapungua milioni moja na laki mbili. Niliahidi kutoa sehemu. Yeye hakungoja ahadi ya mtu wa mashairi. Alikwenda Barabara ya Tatu na bangili zake mbili za harusi, akarudi na moja. Niliziandika hesabu zote katika Fomu namba 6, ila bangili haikuwa mali ya mirathi na haina mahali pake katika fomu ile.

Siku ya kulichukua walileta lori la kubebea magari. Kadi ya zamani ilikuwa bado na namba za TZ, na habari za kubadili jina zilikwisha kula mwezi mzima. Kijana aliniomba daftari. Nilikuwa nimemtajia siku ile kwa kujilaumu, naye alilishika wazo. Nikamwambia lina kurasa nne pungufu. Akasema hizo atazitafuta kwa simu yake. Nikampa nakala, nikabaki na la asili.

Kabla ya kulipandisha alitaka kuona turubai linavyokunjwa. Nikamwambia litachanika. Akasema litachanika hata hivyo. Basi nikafungua daftari na kusoma kwa sauti, naye akafanya: fungua makomeo mawili ya mbele, inua upande wa nyuma kwanza kama unavyoinua pindo la tanga, usivute, sindikiza. Turubai lilipasuka mahali pawili, lakini vyuma vyake vilitii, vikajikunja na kulala nyuma ya viti kama nilivyoandika. Kifuniko kikafunga. Fundi akapiga kofi.

Lori lilipotoka, gari likiwa juu, wazi, dada yangu alisimama langoni na kanga yake kichwani. Halafu akaniambia nifunge lango, vumbi linaingia ndani.